Mbwa Aliyetupwa Kambu

Watu wa Kambu walikuwa wanasikia sauti ya Kaveke kabla hawajamwona. Kama hakuwa anamfokea dereva wa lori aliyeegesha juu ya mtaro aliouzibua asubuhi hiyohiyo, basi alikuwa anamfokea mwenye hoteli aliyemwaga makaa ya moto kwenye nyasi kavu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, mwembamba kama mpini wa jembe, na binti yake wa pekee, Nzisa, alikuwa ameolewa Emali. Waliomheshimu walimwita Mama Nzisa. Waliomcheka walimwita Mama Ngiti, kwa kuwa ngiti kwa Kikamba ni mbwa, na boma lake halikukosa mbwa.

Kazi yake ilikuwa kibarua cha barabara. Alivaa koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, akafyeka nyasi, akazoa mchanga, akafungua kalivati zilizozibwa na chupa za plastiki. Wanawake wenzake watano walifanya yote hayo pia, isipokuwa jambo moja. Mizoga walimwachia yeye. Mbwa akigongwa na lori, ni Kaveke aliyemzoa kwa beleshi, akamtia kwenye wilbaro, akamchimbia shimo mbali kidogo na lami.

Ni kwa kazi hiyo aliyoachiwa ndipo alipogundua jambo ambalo wengine hawakulijali. Mbwa wa Kambu wanajua lori. Wanazaliwa kando ya barabara kuu, wanasimama, wanatazama kushoto na kulia kama watu wazima, wanavuka. Waliokuwa wanakufa hawakuwa wa Kambu. Walikuwa na alama ya mkanda shingoni, au kipande cha kamba, na mmoja alikuwa amekatwa kucha vizuri kama bibi harusi. Walikuwa wageni. Mtu fulani alikuwa amewaleta kwa gari, akawashusha, akaenda zake.

"Watu wanahama nyumba, wanahama kazi, na mbwa hawamtaki tena," aliwaambia wenzake siku moja wakila muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa kivulini. "Wanaona haya kumwua kwao. Basi wanakuja kumwulia kwetu, kwa mkono wa lori la mtu mwingine."

"Mama Nzisa, hasira hasara," mmoja wao alimjibu.

"Hasara ya nani? Mimi ndiye ninayeshika beleshi."

Mwaka jana, mwezi wa pili, jua likiwa la utosini, alishuhudia kwa macho yake. Alikuwa anafyeka peke yake upande wa chini wa mji. Gari dogo jeupe lilipunguza mwendo kama hatua hamsini mbele yake. Mlango wa nyuma ukafunguka, mguu wenye raba safi ukasukuma kitu nje, mlango ukafungwa, gari likaondoka mbio kuelekea upande wa pwani. Kile kitu kikainuka, kikatikisa masikio. Kilikuwa mbwa.

Kaveke alitimua mbio na fyekeo mkononi. "Rudi! Rudi hapa, mshenzi wewe!" Mbwa naye alikuwa anakimbia mbele yake, akilifuata gari kwa nguvu zake zote, akiamini bila shaka kwamba amesahauliwa kwa bahati mbaya. Mtu na mbwa walikimbia hivyo mpaka gari likawa nukta, kisha likatoweka. Mbwa alisimama katikati ya mstari mweupe. Kaveke alisimama nyuma yake, kifua kikimpanda na kushuka. Alikuwa ameona herufi tatu za mwanzo za namba ya gari, na hizo tatu hazikumfaa kitu. Alijipiga paja kwa hasira hadi mkono ukamuuma.

Mbwa alikuwa jike wa rangi ya udongo, kifua cheupe, sikio moja limechanika zamani likapona vibaya. Hakukubali kushikwa. Alishuka mtaroni akalala pale, na pale ndipo alipokaa siku tatu. Kila gari jeupe lilipokuja aliinuka, akasogea ukingoni mwa lami, akalisindikiza kwa macho, akarudi kulala. Kaveke alimletea maji kwenye mtungi wa plastiki aliokata nusu. Aliyanywa baada ya Kaveke kuondoka. Siku ya tatu lori la saruji lilimpitia karibu sana hata upepo wake ukambiringisha. Hapo Kaveke hakungoja idhini ya mbwa tena. Alimrushia gunia, akamkumbatia ndani yake, akaumwa kidogo kwenye kiwiko, akampeleka nyumbani kwa wilbaro huku akimtukana mtu mwenye raba safi njia nzima.

Daktari wa mifugo pale Kambu aliitwa Muli, kijana mnyamavu aliyekuwa anampunguzia Kaveke bei kwa sababu alimwogopa. Alimdunga mbwa chanjo ya kichaa, akamdunga Kaveke maneno ya kumpeleka kliniki kwa ajili ya kile kiwiko, akaandika kadi. Kwenye nafasi ya jina la mbwa akauliza aandike nini.

"Andika Mtaro."

Mtaro alikuwa wa kumi na mbili. Wengine wote waliomtangulia Kaveke alikuwa amewatafutia kwao: mmoja kwa mwenye shamba la machungwa, wawili kwa mlinzi wa shule, mmoja kwa ajuza aliyekuwa anaishi peke yake kule juu mlimani. Alikuwa amejifunza kwa kukosea. Mbwa aliyetupwa hashikwi, anangojwa. Wiki ya kwanza Kaveke alikuwa anakaa uani amempa mgongo, anapukuchua mbaazi, anaongea na mbaazi. Wiki ya pili Mtaro alisogea mpaka kwenye kivuli chake. Wiki ya tatu aliweka kidevu kwenye kandambili iliyokuwa kando ya mguu, si kwenye mguu wenyewe, na Kaveke alikaa bila kujitingisha mpaka ganzi ikampanda hadi nyonga.

Majirani walimsema. "Watoto wa watu wanalala njaa, wewe unapikia mbwa!" Aliwajibu kuwa anachopika ni mifupa na ukoko wa ugali uliobaki kwenye hoteli za madereva, na kama wana mtoto wa kula mfupa uliotafunwa na dereva wa lori, wamlete.

Mwezi wa nne alikuja mtu wa kwanza kumtaka Mtaro. Aliitwa Billow, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kyuso. Lori lake lilikuwa linapita Kambu mara mbili kwa mwezi likielekea Mombasa, naye alikuwa anasimama pale kuwainua mbuzi walioanguka wasikanyagwe na wenzao. Alikuwa amemwona Mtaro akimfuata Kaveke kazini, akilala kando ya wilbaro bila kufungwa.

"Mama, habari ya kazi," alisema. "Nimeambiwa unatoa mbwa. Kwangu fisi amechukua mbuzi sita tangu mwaka uanze. Nataka mbwa wa boma."

Kaveke alimtazama kofia yake nyeupe ya kufuma, akatazama ndevu zake zilizotiwa hina, akakata shauri kabla hajafungua mdomo.

"Nyinyi mbwa hamgusi. Akiugua, nani atamshika? Utampiga mawe akikaribia maji yako ya kutawadha. Hapana."

"Hujaniuliza," Billow alisema.

"Sina haja ya kuuliza."

Alitoa kipande cha karatasi mfukoni, akaandika namba ya simu, akamwekea juu ya wilbaro, akakigandamiza kwa jiwe. "Ukibadilisha mawazo," alisema, akarudi kwa mbuzi wake. Kaveke aliiweka ile namba kwenye simu kwa jina la Wa Mbuzi, kwa vile tu hapendi karatasi kutupwa barabarani.

Wiki mbili baadaye alikuja mtu wa pili. Huyu alikuja na shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na salamu ndefu iliyoanza na Bwana asifiwe. Aliitwa Mwalimu Kitheka. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa lake kule Kwa Vonza, na alikuwa amejenga vyumba vya kukodisha kwa wanafunzi wa chuo. Alitaka mbwa wa kulinda ploti.

Kaveke alimuuliza maswali yake ya kawaida. Atakula nini? Atalala wapi? Atafungwa saa ngapi na kufunguliwa saa ngapi?

"Atakula tunachokula," Mwalimu alijibu. "Nitamjengea kibanda cha mabati. Mnyororo mrefu, mchana tu, wapangaji wasiogope. Biblia inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Au sivyo, mwaitu?"

Kuitwa mwaitu, yaani mama yangu, na mtu mzima wa umri ule na mwenye cheo kile, kulimlainisha Kaveke. Alimpa Mtaro, akampa kadi ya chanjo, akampa na kile kipande cha gunia alichozoea kulalia. Mwalimu alimpandisha Mtaro nyuma ya pikapu ya kukodi. Mbwa alimtazama Kaveke kwa namna aliyoijua vizuri, na Kaveke alijiambia kwamba safari hii gari linampeleka mahali.

Desturi yake ilikuwa kwenda kuona baada ya mwezi, na kwenda bila kupiga simu. Mwezi ule mvua zilivunja kingo za mitaro, kibarua kikawa kingi, akachelewa. Ilikuwa wiki ya saba alipofika Kwa Vonza, Jumamosi mchana. Alielekezwa bila shida. Kila mtu alimjua Mwalimu.

Lango lilikuwa wazi. Mbele ya nyumba, chini ya turubai, watu kama kumi wa kamati ya kanisa walikuwa wamekaa na chai ya maziwa na mandazi, Mwalimu Kitheka akisoma kitu kwenye daftari. Kaveke aliinua mkono kusalimu. Ndipo upepo ulipogeuka ukamletea harufu. Alikuwa amezoa mizoga miaka saba. Harufu ya nyama inayooza kabla mwenyewe hajafa aliitambua. Hakusalimu tena. Alizunguka nyuma.

Kati ya tangi la maji na choo cha wapangaji kulikuwa na mti mmoja mkavu, na kwenye mti huo Mtaro. Hakukuwa na kibanda. Hakukuwa na mnyororo. Kulikuwa na waya, ule wa kufungia nguzo za ujenzi, umezungushwa shingoni na kusokotwa kwa koleo. Mbwa alikuwa ameendelea kuvuta, waya ukaendelea kuingia, mpaka upande wa chini ngozi ilikuwa imeufunika. Nzi walijaa. Mbavu zilihesabika ukiwa mbali. Kwenye sufuria iliyopinda mbele yake kulikuwa na ugali mkavu uliochanganywa na pilipili nyekundu.

Msichana mmoja mpangaji, aliyekuwa anafua, alisema kwa sauti ndogo, "Anampa pilipili ndiyo awe mkali. Tukimtupia chakula anatugombeza."

Kaveke alipiga magoti. Mtaro hakubweka, hakutikisa mkia. Alisogeza kidevu, akakiweka kwenye kiatu cha Kaveke. Safari hii mguu ulikuwa ndani.

Kilichofuata watu wa Kwa Vonza wanakisimulia kila mmoja kivyake. Wengine wanasema alimpiga mzee. Hakumpiga. Alitoka hadi kwa fundi wa baiskeli upande wa pili wa barabara, akaazima koleo, akarudi akipita katikati ya kamati bila kukwepa meza. Vikombe vitatu vilianguka. Alikata waya upande wa mtini, akauacha ule wa shingoni kwa ajili ya Muli, akamwinua Mtaro begani kama mwanambuzi, akaja kusimama mbele ya turubai.

"Mwalimu Kitheka," alisema. "Simama uonyeshe watu kibanda cha mabati."

Mwalimu alisimama, daftari mkononi. "Mama, haya ni mambo ya kuongea pembeni. Hapa ni mkutano."

"Pembeni ni wapi? Chooni? Nimetoka huko. Wazee, akina mama, hii mnayoinusa na chai yenu si choo. Ni huyu. Wiki saba. Mmekuja hapa mara ngapi? Mmefumba macho mkaomba mara ngapi?"

"Huyo ni mali yangu," Mwalimu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mwalimu mkuu. "Ulinipa mwenyewe. Ukitoka naye langoni wewe ni mwizi."

"Basi niite mwizi! Andika kwenye hilo daftari! Kaveke, mwizi wa Kambu, ameiba mbwa anayeoza!" Aliongeza maneno mengine kuhusu Mwalimu na kuhusu mama yake Mwalimu, ya Kikamba, ambayo mwanakwaya mmoja alizibia masikio. Kisha akatoka. Hakuna aliyemzuia. Mama mmoja wa kamati alikuwa ameinama, ameweka kikombe chini, hakukigusa tena.

Barabarani hasira ilibaki lakini njia ilikosekana. Makanga wa matatu walimwona, wakafunga mlango. Wa boda walisema harufu. Alisimama juani na mbwa begani, damu na usaha vikimtiririkia kwenye blauzi, saa nzima. Alimpigia Nzisa, simu haikupatikana. Alishuka kwenye orodha ya majina, na jina lililokuwa limebaki ambalo lilikuwa na gari lilikuwa Wa Mbuzi.

Aliliangalia sana. Kisha akapiga.

"Niko Kitui mjini," Billow alisema baada ya kumsikiliza. "Nimesimama kunywesha mbuzi. Si mbali. Kaa hapo."

Alikuja na lori lenye mbuzi tisini nyuma. Alishuka, akamtazama Mtaro shingoni, akakaza uso, akasema neno moja kwa Kisomali ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Alitandika gunia safi kwenye kiti. Walipita Mutomo, wakapita Ikutha, na muda wote huo Kaveke alikuwa anatukana, na Billow alikuwa anaendesha. Karibu na Kibwezi maneno yalimwishia.

"Siku ile ulinikatalia," Billow alisema, macho barabarani, "ulisema sisi hatugusi. Mbwa wa kulinda mifugo dini haijatukataza. Mate yake yakinipata, naosha. Kuosha mkono ni kazi ya dakika. Hiyo tu ndiyo nilitaka kukuambia."

Kaveke aligeuza uso dirishani. Alitamani amkasirikie, lakini kila alipoitafuta hasira hiyo ilimrudia yeye mwenyewe. Alikuwa amemnyima mbwa mtu kwa sababu ya kofia, akampa mwingine kwa sababu ya kalamu mbili na mstari wa Biblia.

Muli alifanya kazi mpaka magharibi. Waya ulitoka vipande vinne. Mtaro alishonwa, akapewa dawa, na siku tano za kwanza Kaveke alikuwa anamlisha uji wa wimbi kwa mkono, kiganja baada ya kiganja.

Siku ya sita alipokea wito. Mwalimu Kitheka alikuwa amepeleka malalamiko kwa naibu wa chifu: kuvamia boma, kuiba mbwa, kumtusi mzee mbele ya kanisa. Walikutana ofisini pale Kambu, Mwalimu akiwa na wazee wenzake wawili waliovaa suti, Kaveke akiwa na koti la kazi. Alisikiliza mashtaka yote bila kukatiza, jambo lililowashangaza waliomjua. Kisha akatoa gazeti lililokunjwa, akalifungua mezani. Ndani kulikuwa na vile vipande vinne vya waya, na nywele za rangi ya udongo zimenasa.

Mwalimu alitazama ukutani.

"Mwalimu," naibu wa chifu alisema, "angalia mezani tafadhali."

"Sikuja hapa kuangalia waya. Nimekuja kwa heshima yangu."

Mmoja wa wazee waliomsindikiza alijikohoza, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

Naibu wa chifu aliamua kwamba mbwa abaki Kambu, na kwamba Kaveke aombe msamaha kwa matusi. Kaveke alisimama.

"Kwa kumtaja mama yako, Mwalimu, naomba msamaha. Mama yako hakufunga mbwa kwa waya. Hayo mengine yote nilisema na nitasema tena."

Naibu wa chifu aliamua kwamba huo ni msamaha wa kutosha, akafunga faili haraka.

Laiti yangeishia hapo. Mwalimu Kitheka hakupoteza kiti chake kanisani. Mwezi uliofuata Kaveke alisikia kwamba amepata mbwa mwingine kwa mtu wa Machakos. Alipanda gari akaenda mpaka Kwa Vonza, akalikuta lango limefungwa kwa kufuli. Aliligonga kwa jiwe mpaka wapangaji wakachungulia madirishani. Yule msichana wa kufua alimwambia kutoka juu ya ukuta kwamba huyu wa sasa ana kibanda, na mnyororo, na kwamba wapangaji wamemwambia Mwalimu wazi kuwa wakiona waya tena watahama wote. Kaveke alimshukuru. Lakini alirudi Kambu akiwa amekunja uso, kwani alijua kwamba kibanda kile hakikujengwa kwa huruma.

Mtaro alipona kufikia mwezi wa nane, na pete ya ngozi isiyo na nywele ikabaki shingoni. Kaveke ndiye aliyepiga simu Kyuso.

Billow alikuja kumchukua, lakini Mtaro hakuzoea haraka. Billow alikuwa anampa habari kwa simu kila Ijumaa baada ya swala, naye Kaveke alikuwa anasikiliza huku ameshika fyekeo kama atakayempiga mtu kupitia hewani. Wiki ya kwanza Mtaro alijichimbia chini ya ua wa miiba, hakutoka mchana. Hakula mtu akiangalia. Wiki ya pili alitoroka. Billow alimkuta kilomita nne mbali, amekaa ukingoni mwa barabara, akiyatazama magari. Alimrudisha. Kaveke alimfokea Billow kwa hilo mpaka salio likaisha. Wiki ya tatu hakuna kilichobadilika. Wiki ya tano mbuzi mmoja alizaa malishoni, na Mtaro, ambaye alikuwa anafuata kundi kwa mbali kama mtu asiyealikwa, alilala kando ya kile kitoto kilichokuwa bado kibichi, na hakuondoka mpaka mchungaji alipokuja kukibeba. Jioni hiyo aliingia bomani nyuma ya mbuzi, kwa miguu yake, bila kuitwa.

Kaveke alikwenda Kyuso mwezi wa kumi na moja, bila kupiga simu, kama desturi. Ndengu zilikuwa zimeanza kuchanua pande zote za njia. Alipolikaribia boma la mbuzi, mbwa wa rangi ya udongo alichomoka kwenye miiba akamjia mbio, nywele za mgongo zimesimama, akibweka kwa sauti ambayo Kaveke hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Mtaro! Wee Mtaro, ni mimi!"

Mtaro alisimama hatua tatu mbele yake, akaendelea kubweka. Alimnusa kwa mbali, mkia ukatikisika mara moja, mara mbili, kisha akakumbuka kazi yake akabweka tena, amesimama kati ya Kaveke na mbuzi. Kaveke hakujua acheke au alie, akachagua kufoka. "Nilikulisha uji kwa mkono, mjinga wewe!"

Mke wa Billow, Timiro, alitoka jikoni akicheka, shungi likimpepea. Alimnyamazisha mbwa kwa neno moja, akamkaribisha mgeni kwenye mkeka, akamletea maziwa kwenye kibuyu. Kando ya boma kulikuwa na kibanda cha vijiti kilichoezekwa kwa bati kuukuu, na bakuli la mbwa lilikuwa na alama ya rangi nyekundu lisichanganywe na vyombo vya nyumbani. Timiro alieleza kwamba mwanzo alikuwa anamtupia chakula kutoka mbali kwa upawa mrefu, na kwamba siku hizi upawa umefupika.

"Mimi sikumtaka," alisema waziwazi. "Nilimwambia mume wangu, mbwa asipite hapa mlangoni. Na hapiti. Anajua mpaka wake kuliko watu. Tangu mwezi wa tisa fisi hajachukua hata mmoja."

Kaveke alikunywa maziwa, akaweka kibuyu chini. Kuomba msamaha hakukuwa kitu alichozoea mdomoni.

"Nilimkatalia mume wako mara ya kwanza. Sikumuuliza hata swali moja. Yule mwingine nilimuuliza matatu, akayapasi."

"Najua," Timiro alisema. "Kwenye lori alisema kwa upole, si ndiyo? Hapa nyumbani hakukuwa na upole. Siku aliyorudi kutoka kwako mara ya kwanza alikasirika wiki nzima. Alisema, yule mama ananiona mimi ni fisi."

Kaveke aliinamisha kichwa.

"Imeisha," Timiro alisema, akamwongezea maziwa. "Kunywa."

Walikaa hivyo, mbuzi wakirudi mmojammoja, Mtaro akihesabu nyuma yao. Baada ya muda Kaveke alishindwa kuvumilia, akasimama, akaenda kulishika birika la maji la mbwa, nusu ya pipa lililopandishwa juu ya mawe.

"Hili nani aliliweka hapa juani? Maji yanachemka! Na juu hivi, mbwa mnamdhani ngamia?"

Timiro alimwangalia, mkono kiunoni, akavuta pumzi. "Mama Nzisa," alisema, "shika upande huo, tulihamishe."